Ulimi wa Kuazima

Daktari aligeuza kadi ya kliniki, akachora ulimi upande wa nyuma. Aliuchora vizuri, na koo lake, na taya zake, kisha akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari chini kabisa, kwenye shina.

"Kila kilicho juu ya mstari huu tutakitoa," alisema.

"Chote?" aliuliza mke wa mgonjwa.

"Chote, mama. Mionzi tumepiga, uvimbe haukusikia. Tukibakiza hata kipande utarudi, na ukirudi hatutakuwa na la kufanya tena."

Mgonjwa aliinamia ile picha. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, aliyenyoa ndevu na kupiga pasi shati hata siku ya kuja kusikia habari kama hiyo. Ulimi ulikuwa umeshavimba, na maneno yalimtoka kwa shida, kama mtu anayeongea na kiazi cha moto mdomoni.

"Ladha je?"

Daktari, binti wa rika la mwanawe, alimtazama kama hakusikia vizuri. Wengine wakifikishwa kwenye kiti kile huuliza wamebakiza muda gani. Huyu anauliza ladha.

"Ladha hutakuwa nayo, baba. Chakula kitapita kwenye mpira, moja kwa moja tumboni. Kuongea nako kutakuwa kazi. Lakini utakuwa hai."

"Hai," alisema yule mzee, akaichukua ile kadi akaitia mfukoni.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa mnunuzi wa vinywaji wa hoteli kubwa, ile ya milango ya kioo inayojifungua yenyewe. Wenzake walimpachika jina la Mnusaji, likamganda, likamfuata mpaka mtaani. Hakuna chupa iliyopangwa kwenye baa ya hoteli ile bila kupita kwanza puani kwake. Nyuma ya stoo alikuwa na chumba chake: meza nyeupe, dirisha pana, sinki na ndoo ya kutemea. Humo alishinda asubuhi akinusa, akisukutua, akitema. Majirani waliamini kwamba ni mlevi wa kutupwa anayejua kujificha. Hakuna aliyewahi kumwona ameyumba, hata kwenye harusi ya binti yake, siku ambayo baba yeyote angesamehewa.

"Mlevi anataka chupa iishe," alikuwa akimwambia mkewe. "Mimi nataka isiishe."

Mdogo wake alikuwa kinyume chake. Huyu sasa alikuwa fundi wa majokofu, na kila mtu alimwita Fundi, lakini ujanani Mnusaji alimwingiza hotelini awe msaidizi wake kwenye kile chumba. Hapo ndipo kaka mtu aligundua jambo lililomfurahisha na kumuuma kwa pamoja. Mdogo wake alikuwa na ulimi ambao yeye hakujaliwa. Alichokitafuta Mnusaji kwa jasho, akivuta hewa na kukunja uso, Fundi alikikuta mlangoni kinamsubiri. Alionja akiwa amefungwa macho na akasema kinywaji kililala kwenye mti gani, na kama pipa lile lilikuwa jipya au lilishatumika. Hakukosea.

Kilichomshinda ni kutema.

Kazi ilipotea, kisha mke, kisha meno mawili ya mbele. Mwishowe Mnusaji alimwokota kwenye mtaro wa maji ya mvua, akambeba mgongoni kama gunia, akampeleka kwenye nyumba moja wanakotunzwa walevi wanaotaka kuacha. Fundi akaacha kweli. Alijifunza majokofu hukohuko, akatoka, akafungua karakana yenye mlango wa bati. Miaka ikapita anakunywa chai na maji tu. Kila Jumapili mchana alikuja kula kwa kaka yake, mikono ikinuka risasi ya kuunganishia waya, na katika nyumba ile neno pombe halikutajwa akiwapo.

Chupa yenyewe ilikuwa kwenye kabati la nguo, nyuma ya mablanketi.

Mnusaji aliileta kutoka Japani, safari pekee ya ng'ambo aliyowahi kutumwa na hoteli. Huko walimpeleka kwenye ghala lenye baridi, mlimani, na mama mmoja mfupi mwenye koti jeupe akammiminia kidogo, mkalimani akiwa pembeni. Mama yule alikuwa ndiye mchanganyaji. Alieleza kwamba wiski hii ni kimea cha shayiri kitupu, hakuna nafaka nyingine iliyoingizwa, ila kimea chenyewe kimetoka viwanda tofauti na kimelala kwenye mapipa tofauti. Lile changa kuliko yote lilijazwa kabla binti yake hajazaliwa, na binti huyo sasa alikuwa na watoto. Mapipa mengine yalitengenezwa kwa mwaloni wa nchi ileile, mti mgumu unaokua taratibu na kuvuja kiasi kwamba mafundi wa mapipa huutukana. Kazi yake yeye, alisema, ni kuwakalisha wote meza moja bila mmoja kumfunika mwenzake.

Mnusaji alionja, na yeye aliyekuwa na neno kwa kila kitu hakupata hata moja. Mama yule alicheka, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Alinunua chupa moja. Aliiweka kwa ajili ya harusi ya binti, harusi ikapita. Akaiweka kwa ajili ya kustaafu, akastaafu. Kila mara alishika kizibo na kusema, "Bado."

Siku ile waliyotoka kliniki aliitoa, akaifungua jikoni mkewe akiwa uani anaanua nguo. Alichovya ncha ya kidole tu, akakipeleka kinywani.

Mkewe alisikia mlio, akaacha nguo chini. Alimkuta ameingiza kichwa chini ya bomba, maji yanamwagika mpaka kifuani. Mionzi ilikuwa imeuchubua mdomo wote kwa ndani. Tone lile moja lilimpita kama kaa la moto.

"Unataka kujiua kabla ya siku yako, baba watoto?" alisema, akimfuta uso kwa kanga yake. "Mwaga hiyo kitu!"

Alitikisa kichwa. Akaketi, akasubiri maumivu yatulie, kisha akasema, neno moja moja, "Sitaki kuinywa. Nataka mtu anionjee. Aniambie. Nikiwa bado naweza kubishana naye."

Mkewe hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa kupima mara mbili kabla ya kukata, na mambo ya hotelini aliyaacha hotelini. Alimtazama mumewe, akaitazama chupa, akavuta kiti.

"Lete."

Mnusaji alimimina kidogo kwenye glasi. Mkewe akafumba macho kama anayemeza kwinini, akaonja.

"Inawaka," alisema.

"Kuwaka kila mtu anajua. Kingine?"

"Kama... subiri." Alikunja uso. "Kama dawa ya kikohozi iliyosahauliwa kwenye sanduku la nguo."

Mnusaji alicheka mpaka mate yenye damu yakamtiririka kidevuni. Alicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Lile sanduku la mbao, lenye nguo zilizokunjwa, lilikuwamo humo ndani, na wahudumu wake wengi wa hotelini wangepita bila kuliona.

"Tena," alimwomba.

"Hapana. Nimekuonjea kwa ajili ya ndoa, imetosha," alisema mkewe, akaenda kuokota nguo zake.

Lakini kucheka kule ndiko kulikoharibu mambo. Kabla ya hapo alikuwa ameanza kujizoeza kukosa. Sasa alikuwa amechungulia ndani, na mlango ukafungwa. Siku zilizofuata hakulala vizuri wala hakula. Alizunguka nyumba akinusa vitu: sabuni, ngozi ya viatu, ganda la limau, nywele za mkewe. Na kichwani alikuwa na jina la mtu mmoja tu.

Jumapili Fundi alikuja kama kawaida. Walikula, au tuseme Fundi na shemeji yake walikula na Mnusaji akanywa uji uliopoa. Vyombo vilipotolewa, Mnusaji aliinuka, akarudi na chupa, akaiweka mezani katikati yao.

Fundi hakuigusa.

"Ndiyo ile ya Japani?"

"Ndiyo."

"Kumbe bado unayo. Mimi nilidhani uliimaliza kimyakimya, mchoyo wewe."

Walitabasamu. Kisha Mnusaji akasema, "Mdogo wangu, nina ombi. Ukikataa sitakuwa na kinyongo."

"Sema, kaka."

"Niazime ulimi wako."

Fundi alianza kucheka, akaona uso wa kaka yake, akaacha. Mke wa Mnusaji alitokea mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Huyo hapana," alisema. "Muombe jirani, muombe hata mpita njia. Huyo hapana! Ulimtoa mtaroni kwa mgongo wako mwenyewe, leo unampeleka tena huko?"

"Shemeji, nitatema," Fundi alisema.

"Lini uliwahi kutema?"

"Nilikuwa kijana, shemeji. Sasa nina akili zangu." Alikuwa anaongea naye lakini macho yalikuwa kwa kaka yake. "Halafu huyu hajawahi kuniomba kitu. Toka tuzaliwe, mimi ndiye ninayeomba. Hata siku moja hajaniomba."

Mama alisimama pale, kitambaa kikidondosha maji sakafuni. Alikwenda akaleta ndoo, akaitua kwa kishindo miguuni pa Fundi, akarudi mlangoni, na hapo mlangoni akakaa.

Mnusaji alimimina. Alitumia glasi yake ya kazini, yenye tumbo pana na mdomo uliobana. Jua la mchana lilikuwa linaingia dirishani, akaiinua kwenye mwanga. Rangi ilikuwa kama asali ya porini, na alipoizungusha, utando uliobaki kwenye kioo ulitelemka polepole kwa machozi marefu.

"Nzito," alisema Fundi.

"Umri."

Mnusaji alinusa kwanza, maana pua alikuwa bado nayo. Mabega yake yalishuka. "Peasi lililoiva likakaribia kuoza. Ngozi ya kiti cha zamani. Nyuma kabisa, udi."

Alimpa mdogo wake. Fundi aliishika glasi kwa vidole vyenye makovu ya moto, akapitisha pua juu yake mara moja, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kuishi.

"Si udi," alisema.

"Ni udi."

"Udi umeshachomwa, kaka. Huu haujaona moto. Hiki ni kipande cha mti wenyewe, kimewekwa kwenye droo, na droo haijafunguliwa siku nyingi."

Mnusaji alirudisha pua kwenye glasi. Alinusa kwa muda mrefu. "Mwana wa shetani wewe," alisema kwa furaha. "Ni droo."

Fundi akaonja. Aliizungusha kinywani, akavuta hewa kati ya meno yaliyobaki, akatema kwenye ndoo, na mlangoni mama akashusha pumzi.

"Inaingia kwa adabu," alisema. "Asali, ila ya sega, na nta yake. Halafu chungwa. Ganda, si maji yake, ule mvuke unaoruka ukilikunja. Halafu katikati panakauka ghafla. Unakumbuka tulivyokuwa tunalamba penseli shuleni?"

"Nakumbuka."

"Hapo. Halafu kuna moshi, lakini uko mbali. Mtu anachoma majani, na sio mtaa huu."

"Weka maji. Tone."

Waliweka tone. Fundi akaonja tena, akatema tena. Macho yalikuwa yamefumba na uso wake umebadilika, umelainika, na kaka yake aliona, kwa mara ya kwanza tangu ujana wao, yule kijana wa kwenye kile chumba cheupe.

"Imefunguka. Sasa nawasikia mmoja mmoja. Huyu wa asali ndiye anaongea sana. Huyu wa chungwa anamjibu. Na kuna mzee mmoja humu, kaka. Yuko chini kabisa. Hasemi kitu. Lakini wengine wote wanaongea kwa heshima kwa sababu yupo."

Mnusaji alikuwa analia waziwazi. Hilo ndilo neno alilolikosa kule mlimani. Alikuwa ameliwinda miaka yote hiyo, na mdogo wake amelitoa kama mtu anayetoa funguo mfukoni.

"Na mwisho wake, ule unaobaki kooni?" aliuliza.

Fundi akafumbua macho.

"Ukitema mwisho unakatika, kaka. Unajua."

"Najua."

Angeweza kusema, basi, tuishie hapo. Angeweza kuifunika glasi kwa kiganja. Mke wake mlangoni alimngoja aseme. Mnusaji alinyamaza, akamwangalia mdogo wake kwa yale macho ya mtu ambaye keshokutwa anakatwa ulimi, akangoja.

Fundi alinyanyua glasi, akanywa, na koo lake likapanda na kushuka.

Nje mtoto alikuwa anapiga mpira ukutani. "Bado upo," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Asali imeondoka. Chungwa limeondoka. Umebaki ule mti, na joto hapa kifuani. Unatembea." Akaweka kiganja kifuani. "Nilidhani umekwisha. Haujaisha. Kaka, bado upo."

"Asante," alisema Mnusaji. "Asante, mdogo wangu."

Fundi aliaga kama siku zote, akamtania shemeji yake kuhusu ile ndoo, akaahidi kuja hospitali. Alipotoka, mama alichukua chupa bila kuomba ruhusa, akaimimina yote kwenye sinki. Mumewe hakumzuia. Alisimama nyuma yake jikoni, akinusa, mpaka harufu ilipokwisha.

Upasuaji ulichukua siku nzima. Mnusaji aliamka akiwa na bomba shingoni la kupumulia, mpira tumboni, na mdomo ambao ndani yake hapakuwa na mtu. Alikuwa amejiandaa kukosa ulimi. Hakujiandaa kukosa pua. Hakuna aliyemweleza kwamba hewa ikipita shingoni, puani hakupiti kitu, na pua isiyopitisha hewa ni pambo tu usoni. Muuguzi alimpitishia pamba yenye spiriti chini ya pua, na kwake ilikuwa pamba tu.

Fundi alikuja siku ya kwanza, akamshika mguu kupitia shuka kwa sababu ndiko kusikokuwa na mipira. Siku ya pili hakuja. Wala ya tatu. Mnusaji alikuwa amepewa kibao cheupe cha kuandikia, na kila mkewe alipoingia alikuta ameandika jina moja lenye alama ya kuuliza.

"Ana kazi nyingi," mkewe alisema. "Joto hili, majokofu ya watu yanakufa."

Alikuwa mwongo mbaya, na mumewe alimjua. Waliporudi nyumbani, akiwa bado na lile bomba shingoni chini ya bandeji, na taulo dogo la kufutia mate, alikwenda moja kwa moja karakana. Mlango wa bati ulikuwa na kufuli. Muuza vocha wa jirani alisema hajamwona Fundi siku nyingi, na mara ya mwisho alipomwona, akatafuta maneno, "hakuwa sawa, mzee."

Jioni ile Mnusaji aliandika kwenye kibao: *Nilijua.* Akamsogezea mkewe.

Alisoma, akafuta kwa kiganja chake.

"Na mimi nilijua," alisema. "Nilikuwa mlangoni. Miguu ninayo, mikono ninayo, ningeipiga ile glasi ikaruka. Sikuipiga. Nilikuwa nawaangalia mlivyokuwa na raha." Alikaa chini karibu naye. "Kesho kamtafute."

Akaanza kutafuta. Alizunguka mchana, baa baada ya baa, na picha ya Fundi kwenye simu na kibao kilichoandikwa *Ni mdogo wangu. Umemwona?* Aliyekuwa akipokewa na mameneja kwa kupeana mikono sasa alisimama kaunta akitiririkwa na mate. Wengine walimfukuza kwa kumdhani ombaomba. Mmoja, mwenye roho nzuri, alimwonea huruma akamimina glasi ya konyagi ya bure, akaisukuma mbele yake. "Kunywa, mzee, upoze machungu." Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mnusaji aliishika glasi ile, akaipeleka puani kwa mazoea tu, akairudisha kaunta.

Aliyemsaidia alikuwa mhudumu wa zamani wa hoteli, sasa mwenye kibanda chake cha bia. Alimtazama mara mbili kabla ya kumtambua.

"Mzee Mnusaji? Wamekufanya nini?" Akaona picha, akatoka nyuma ya kaunta. "Njoo. Yuko nyuma ya ile baa ya kona. Lakini jikaze."

Fundi alikuwa amekaa chini kati ya makreti ya chupa tupu, mgongo ukutani, jua la saa nane likimpiga usoni. Alikuwa amekonda kwa namna ambayo kaka yake hakudhani inawezekana kwa muda mfupi kama ule, na macho yamegeuka manjano. Suruali ilikuwa imelowa. Mnusaji alipiga magoti kando yake na hakusikia harufu yoyote, si ya pombe wala ya mkojo, na hilo lilimtisha kuliko macho yale. Ilikuwa kama kumwona mtu kupitia kioo.

"Kaka," Fundi alisema. "Umetoka hospitali. Wamekushona vizuri."

Mnusaji alifungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mnyama, na kijana aliyekuwa anapanga kreti aliangua kicheko kabla hajajizuia. Mnusaji akaandika kwenye kibao: *Nisamehe.*

Fundi alisoma kwa shida, akitikisa kichwa.

"Si ile glasi," alisema. "Usiisingizie ile. Ile ilikuwa nzuri, kaka, ilikuwa nzuri sana. Nilitoka kwako nina furaha, basi. Sijawahi kutoka mahali na furaha kama ile. Nikatembea nayo, nikatembea nayo, sikutaka iishe. Nikaona mlango wa baa." Alicheka bila sauti. "Na siku hizi hata sionji. Nameza tu. Ulimi umekufa. Sasa tuko sawa, mimi na wewe."

Walimpeleka nyumbani kwa mkokoteni wa muuza maji. Shemeji yake alimwogesha kama mtoto, akamlaza kwenye chumba cha binti yao, akamwekea maji. Siku ya kwanza alitetemeka. Siku ya pili mwili ulimkakamaa, akaanguka kitandani, povu likamtoka, na wakakimbilia hospitali ileile. Daktari wa zamu alibonyeza tumbo lake, akawaita kando. Ini lilikuwa limeharibika tangu zamani, alisema. Lilikuwa limejikongoja miaka yote aliyoacha. Hizi wiki chache ndizo zilizolimaliza.

Mnusaji alikaa naye kila mchana. Alikuwa ameandika kwenye kibao maneno mengi, akafuta, akaandika tena, lakini Fundi hakuwa tena mtu wa kusoma. Hakumtambua. Alimwona kama mteja.

"Njoo kesho, mama," alimwambia, akimpapasa mkono. "Nasubiri gesi tu. Mota nimeshaifungua. Kesho litakuwa linagandisha."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa kaka yake. Alikufa wakati wa kuona wagonjwa, wodi imejaa watu wenye vikapu, na mtu wa kitanda cha pili hakujua mpaka pazia lilipovutwa.

Baada ya mazishi mwenye nyumba alitaka karakana yake. Mnusaji alikwenda na funguo zilizokutwa kwenye suruali ya marehemu, akafungua mlango wa bati, akaanza kufagia. Mchana mwanamke mmoja alisimama mlangoni, mwenye aproni na kofia ya nywele, wa kuuza maziwa na juisi.

"Fundi yupo?"

Mnusaji alitikisa kichwa.

"Anarudi saa ngapi? Jokofu langu liko hapa zaidi ya mwezi. Maziwa yote yameniharibikia, na yeye kila siku ni kesho, kesho, halafu kafunga mlango."

Kibao alikuwa amekiacha nyumbani. Alijaribu kusema, akitumia koo na midomo, vile walivyokuwa wanamfundisha kliniki. Sauti ikatoka, isiyo na umbo. Mwanamke alirudi hatua moja nyuma. Mnusaji alifumba macho, akalaza shavu kwenye viganja vyake viwili vilivyobanwa pamoja, kisha akaonyesha chini, ardhini.

Yule mama alielewa taratibu. Aliweka mkono kifuani.

"Jamani," alisema. "Jamani. Wewe ni nani wake?"

Aligusa mshipa wa mkono wake, kumaanisha damu moja.

Kisha mwanamke, kwa aibu, kwa sababu maziwa hayasubiri msiba, aliuliza, "Sasa langu lilifika wapi?"

Lilikuwa kwenye kona, jeupe, mlango umefunguliwa. Mgongo ulikuwa wazi, mota imelazwa kwenye gazeti, na skrubu za jokofu lile zimechanganyika na za majokofu mengine kwenye kopo moja la rangi. Mnusaji aliliinamia, akaangalia waya zilizokatwa, ambazo hakuna mtu aliyebaki anayejua ipi inakwenda wapi. Alichukua mota, akaifunga kwenye gazeti lake, akaiingiza ndani ya jokofu mahali pa kuwekea mboga. Akamimina nusu ya zile skrubu kwenye mfuko, akampa.

Mama aliita vijana wawili wenye mkokoteni. Mnusaji alishika upande mmoja, wakalinyanyua pamoja, wakalitoa kwenye mwanga.